Vidonge vya Nguzo

Jumatatu, 11 Machi

Dada, leo naanza, na naahidi kuandika yote, hata yale ambayo mkono utataka kuyaruka. Uliniambia kabla hujarudi chuo cha uuguzi: "Andika kila siku Baba anavyoamka, anavyotembea, anavyotumia dawa atakazopewa. Wauguzi hawakisii." Kwa simu haiwezekani. Simu ni moja, ni ya Baba, na spika yake ikinong'ona mtaa mzima unaitikia. Kwa hiyo nitaandika hapa, na masika yakiisha nitakutumia daftari lote.

Nianze na hospitali. Nilimsindikiza mimi leo asubuhi, kwa sababu Mama alikuwa amelala baada ya zamu yake ya kuoka mikate. Daktari ni mama mwenye sauti ya chini. Aliiweka picha ya eksirei kwenye taa, akatuonyesha pingili za shingo ya Baba. Alisema zimelika na zimebanana, na ndiyo maana akigeuka au akitazama juu, kizunguzungu kinamshika. Halafu akamuuliza anafanya kazi gani.

"Fundi wa dari."

"Unatazama juu siku nzima?"

"Natazama juu, na bodi naishika kwa kichwa. Mikono yote miwili inatakiwa kwenye skrubu."

Daktari aliweka kalamu chini. Alimtazama Baba kama mtu aliyeambiwa kuwa seremala fulani hupigilia misumari kwa meno.

Wewe umewahi kumwona kazini, lakini niandike ili iwe kamili. Baba huweka bodi ya jipsamu utosini, hunyoosha magoti, bodi inabana juu kwenye fremu, kisha hufunga skrubu taratibu kama mtu anayefunga vifungo vya shati. Mafundi wengine huegemeza kwa mti. Baba huegemeza kwa shingo. Ndiyo maana wanamwita Nguzo.

"Vidonge hivi vinatuliza kizunguzungu," daktari alisema. "Haviponyi shingo. Utameza asubuhi, mchana na jioni, baada ya chakula. Utavaa kola hii. Mazoezi haya utafanya polepole. Usibebe kitu kwa kichwa. Na ngazi usiiguse mpaka nikuone tena." Pakiti akanipa mimi. "Wewe ndiye muuguzi wa nyumbani."

Njiani Baba alisimama penye duka la vioo.

"Umesikia alivyosema?"

"Nimesikia, Baba."

"Umesikia vidonge. Hayo mengine hukuyasikia."

"Lakini Baba, ngazi..."

"Mama yako ana moyo mdogo, na mjomba wako ana mdomo mkubwa. Kati ya hao wawili sitapata kazi hata ya kuziba tundu la panya. Niahidi."

Nikaahidi. Kwa hiyo nina ahadi mbili, moja ya kusema yote na moja ya kutosema kitu. Nimejiambia kwamba wewe si Mama wala si Mjomba.

Jumatano, 13 Machi

Mvua tangu alfajiri. Alipojigeuza kitandani, nyumba ilimzunguka akashika ukuta. Alitapika kidogo. Vidonge amemeza. Kola iko chini ya godoro.

Jumamosi, 16 Machi

Mjomba amekuja amelowa chapa, anacheka kabla hajafika mlangoni. Unamjua, hata kimya chake kina sauti.

"Mpwa wangu, andaa kiti cha mbele! Baba yako na mimi tunakuja kusoma shuleni kwenu!"

Wamepata kazi ya kuweka dari kwenye ukumbi wa shule yetu. Mvua ikipiga bati la ukumbi ule mwalimu anasema "andikeni" na sisi tunasikia "amkeni", na Mwalimu Mkuu anataka dari iwe imekamilika kabla ya mitihani ya muhula. Ni kazi kubwa kuliko zote walizowahi kupata. Katikati wataweka ua kubwa la plasta lenye matabaka, na ua hilo analijua Baba peke yake.

Mama alifurahi mpaka akasahau chungu motoni. Nikamtazama Baba. Naye akanitazama, kwa mwili mzima, maana siku hizi shingo haigeuki peke yake.

"Shemeji siku hizi anageuka kama lori," Mjomba akasema. "Bado kengele tu ya kurudi nyuma."

Wote walicheka. Mimi pia nilicheka, na sikupenda nilivyocheka.

Jumanne, 19 Machi

Wameanza. Dirisha la darasa letu linatazamana na mlango wa ukumbi. Nakaa dawati la tatu, nauona mguu wa ngazi na buti za Baba zikipanda. Zikipita fremu ya mlango sizioni tena. Kinachobaki ni sauti ya mashine ya skrubu.

Jumatatu, 25 Machi

Leo methali ubaoni ilikuwa "Mficha maradhi, kifo humuumbua". Tuliambiwa tuieleze na kutoa mfano kutoka katika maisha. Nimepata sita kati ya kumi. Mwalimu ameandika pembeni kwa wino mwekundu: Mfano uko wapi?

Alhamisi, 28 Machi

Mvua. Mashine ya skrubu ikinyamaza, na mimi nanyamaza. Nilikuwa nasoma kwa sauti mbele ya darasa, nikakwama katikati ya sentensi. Jirani yangu wa dawati, yule tunayemwita Chiriku, alicheka: "Umeishiwa betri?" Mashine ikalia tena, nikaendelea.

Jumatano, 3 Aprili

Dawa imemkolea. Ameamka bila kushika ukuta. Ameinama kufunga kamba za viatu na akainuka salama. Aliponiita aligeuza kichwa tu, kama zamani, na kwa dakika moja nilifurahi kwa moyo wote.

"Umeona?" akasema. "Nimepona."

"Daktari alisema vinatuliza tu, Baba."

"Kilichotulia si kimepona? Mtoto akitulia unampeleka hospitali?"

Nilimuuliza kuhusu mazoezi. Akasema mazoezi ni ya watu wasio na kazi.

Jumanne, 9 Aprili

Hakuna jipya. Mvua. Uwanja wa shule umekuwa bwawa, tunapita juu ya matofali.

Jumapili, 14 Aprili

Nilijaribu leo. Mama alikuwa kanisani, Baba alikuwa anachora ua la dari kwa penseli kwenye kipande cha boksi. Nikamwambia kwamba Mjomba anaweza kuegemeza bodi kwa mti, naye Baba akate na kupima chini.

"Fundi wa dari akae chini?" Alisema hivyo bila kuinua macho. "Hiyo itakuwa ya sakafu."

"Basi angalau mwambie Mjomba. Mko jukwaa moja."

Hapo aliweka penseli. "Wewe unanipa dawa au unanipa hotuba?"

Baadaye aliniita, akanionyesha ua. Lina majani yanayopishana, na kila jani lina mshipa. Akasema kwa sauti ndogo, "Miaka yote hii, dari zangu ziko juu ya vitanda vya watu nisiowajua. Hii utakaa chini yake wewe, ukiandika mtihani." Dada, ni rahisi kumkasirikia akifoka. Akisema namna ile, unafanyaje?

Alhamisi, 18 Aprili

Mwalimu Mkuu alinituma ukumbini kupeleka ufunguo. Nilikuwa sijawaona wakifanya kazi tangu waanze.

Walikuwa juu ya jukwaa, Baba upande huu, Mjomba upande ule, bodi ndefu juu yao. Mjomba alikuwa amegeukia dirishani, anasimulia habari za mbuzi wa jirani yake aliyekula kadi ya harusi. Baba alikuwa na bodi utosini, na macho yake yalikuwa yamefumbwa. Mkono mmoja ulikuwa na mashine, na ule mwingine, uliopaswa kushika skrubu, ulikuwa umeshika mti wa jukwaa. Umeshika kwa nguvu, kucha zilikuwa nyeupe.

"...basi mwenye harusi akasema, huyo mbuzi naye tumhesabu kama mgeni!" Mjomba akamaliza, akacheka peke yake. "Shemeji, hucheki?"

"Nacheka," Baba akasema, macho bado yamefumbwa.

Siku zote nilidhani Mjomba ni mtu wa mzaha tu, asiyejali kitu. Leo nimemwona mtu aliyesimama kwenye ubao mwembamba, anamwamini mwenzake mpaka anampa mgongo. Baba akianguka, ubao utawachukua wote wawili. Na anayejua ni mimi tu, nimesimama chini na ufunguo mkononi.

Jumamosi, 20 Aprili

Leo jioni nimefanya jambo. Sitaliandika leo.

Jumatatu, 22 Aprili

Niliahidi yote, basi ni haya.

Jumamosi jioni sikumpa Baba kidonge chake. Nilimpa kidonge cha vitamini cha Mama. Nacho ni cheupe, na ukubwa ni uleule. Baba huwa hakitazami. Hukinga kiganja, hurusha mdomoni, hufuatisha chai. Jumapili pia, kutwa nzima, nilimpa vya Mama.

Sikutaka aumie, Dada. Nilifikiri hivi: dawa ikiisha mwilini, Jumatatu ataamka nyumba inamzunguka kama siku zile za kwanza. Atashindwa kuinuka. Mama atarudi kutoka kazini amkute hivyo, atauliza, na yeye mwenyewe atasema. Kazi itasimama, na mimi sitakuwa nimefungua mdomo. Niliona ni hesabu nzuri. Jumapili jioni nilimwona ameshika fremu ya mlango, nikajua jibu linakuja.

Leo asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda muda mrefu, mikono magotini.

"Leo dunia imeamka vibaya," akasema.

"Basi lala, Baba. Nitamwambia Mjomba una homa."

"Nipe kidonge."

Cha kweli kilikuwa mfukoni mwa sketi yangu. Dada, ningeweza kumpa. Nikampa cha vitamini. Akakimeza, akafumba macho, akangoja kidogo, akapumua.

"Ah. Kinaanza kufanya kazi," akasema. Akavaa buti, akatoka.

Hilo sikulipigia hesabu. Nilidhani dawa ndiyo iliyokuwa inampandisha ngazi. Kumbe hata kuiamini tu kulimtosha kupanda.

Nilikimbia nyuma yake na kidonge mkononi, lakini Mjomba alikuwa keshampakia kwenye pikipiki ya mizigo juu ya bodi, wanacheka, wananipungia. Nilipofika shuleni kengele ilikuwa imelia na mlango wa ukumbi umefungwa kwa sababu ya upepo. Niliomba ruhusa ya kutoka. Mwalimu wa hesabu akasema, "Umetoka nyumbani sasa hivi, unataka kutoka tena?" Nikakaa. Kidonge kilikuwa kinayeyuka kwa jasho la kiganja changu.

Kisha mvua ikaja. Si mvua ya manyunyu. Ilishuka yote kwa pamoja juu ya bati, na sauti ya mashine ya skrubu ikazama humo. Sikujua tena kama inalia au imenyamaza. Nilitazama ubao na sikuona hata namba moja. Kisha Chiriku akanigusa bega, na safari hii hakuwa anacheka.

"Watu wanakimbilia ukumbini," akasema.

Sikuomba ruhusa tena.

Bodi ilikuwa chini, imepasuka vipande viwili. Mjomba, aliyeanguka nayo, alikuwa amekaa sakafuni kando yake, mweupe kwa vumbi toka nywele mpaka kope, ameshika kifundo cha mkono wake wa kushoto. Baba alikuwa bado juu. Alikuwa amepiga magoti jukwaani, amekumbatia mti kwa mikono yote miwili kama mtoto aliyekumbatia mguu wa mama yake, na alikuwa anasema, si kwa sauti kubwa, "Ishikeni. Ishikeni isizunguke."

Mwalimu Mkuu akapaza sauti, "Fundi, shuka taratibu!" Baba hakuweza hata kufumbua macho.

Mjomba aliinuka. Alipanda ngazi kwa mkono mmoja. Alifika, akakaa nyuma ya Baba, akamzungushia ule mkono mzima kiunoni.

"Shemeji. Usitazame popote. Mguu wangu huo, uguse kwa mguu wako. Umeupata? Sasa shusha. Mwingine. Hivyo hivyo. Kama tunacheza taratibu harusini kwako."

Walishuka namna hiyo, kipago kwa kipago. Walipofika chini Baba alikaa sakafuni, akatapika, akajifuta. Halafu, mbele ya Mwalimu Mkuu na walimu na watoto wote waliojazana mlangoni, akasema:

"Kizunguzungu ninacho tangu kabla ya masika. Shingo imelika. Daktari alinikataza ngazi."

Nilisubiri Mjomba afanye mzaha. Nilitamani afanye. Alijipangusa vumbi usoni, akamtazama Baba.

"Ningekufa, shemeji," akasema. "Ningekufa huku nacheka."

Akatoka kwenye mvua, ameshika mkono wake.

Jumanne, 23 Aprili

Mkono wa Mjomba haukuvunjika, umeteguka. Hajaja kwetu. Nyumba imekuwa kama redio iliyokatiwa umeme.

Jumatano, 24 Aprili

Mama amejua yote, isipokuwa lile langu. Hakupiga kelele. Alitoa kola chini ya godoro, akaifuta vumbi, akamvisha Baba mwenyewe, akafunga mkanda wake nyuma. Kisha akaniuliza, "Na wewe ulikuwa unajua?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kukunja nguo. Ningependa angenipiga.

Jumamosi, 27 Aprili

Mjomba amekuja. Alisimama mlangoni, mkono umefungwa bendeji.

"Shemeji, nimekuja kukutukana, lakini kwa hiyo kola unaonekana kama chupa ya maua. Nimesahau matusi yote."

Baba alitaka kusimama, Mjomba akamkalisha. Baba akamwomba radhi. Sikuwahi kumsikia Baba akiomba radhi. Alisema neno hilo kwa shida, kama anang'oa skrubu iliyokula kutu.

Kisha akasema jambo ambalo ndilo linaloninyima raha mpaka sasa: "Nilijiamini kwa sababu ya dawa. Lakini asubuhi ile nilimeza, mwanangu ni shahidi, alinipa kwa mkono wake. Na bado ikanikamata huko juu. Kama na dawa tumboni imenifanya vile, basi mimi na ngazi tumeachana."

"Talaka tatu?" Mjomba akauliza.

"Tatu."

Mama alifunika uso kwa kanga, akalia kwa furaha. Wote wakanigeukia, muuguzi wa nyumbani. Nikasema nakwenda kuchota maji.

Jumanne, 30 Aprili

Mjomba ameleta kijana wa kushika upande wa pili, naye anaegemeza kwa mti. Baba anakata na kupima chini, na kola shingoni. Dari inaendelea. Ningekuwa nimesema ukweli siku ile ya Jumamosi, je, angekuwa chini leo? Hilo ndilo najiuliza nikiwa darasani, na naona buti zake zimetulia sakafuni.

Alhamisi, 2 Mei

Sasa sikia upande wa pili. Baba ameacha vidonge kabisa. Nikimpa anasukuma mkono wangu. "Hivyo? Vilinitupa." Kwa hiyo kizunguzungu kimerudi chote. Asubuhi anatambaa mpaka mlangoni. Jana alishindwa kunywa chai kwa sababu kikombe kilikuwa kinamkimbia. Mama hapati usingizi mchana, anamshika kichwa. Na dawa ya kumtuliza ipo, iko kwenye kopo juu ya kabati, na mimi ndiye niliyeiharibia jina.

Jumapili, 5 Mei

Mvua inapungua. Wamefika katikati ya ukumbi. Yule kijana amejaribu ua la plasta, limetoka kama chapa ya kwato. Ijumaa Mwalimu Mkuu alimwita Baba, akamwonyesha. Nilimwona Baba anapima urefu wa ngazi kwa macho, bila kuinua shingo.

Leo jioni akasema, "Ningekuwa na siku mbili tu za kichwa kilichotulia."

Mjomba akasema, "Talaka ni talaka, shemeji."

"Nilisema ningekuwa. Sina. Dawa yenyewe haifanyi kazi."

Umeona, Dada? Ukuta uliobaki kati yake na ngazi ni uongo wangu.

Jumatatu, 6 Mei

Siwezi kungoja masika yaishe. Leo nafunga daftari hili kwenye bahasha, nalipeleka posta kabla ya kengele.

Baba atarudi kwa daktari Ijumaa ya tarehe 17. Amekwisha panga atakachosema: kwamba alimeza kila kidonge bila kukosa na havikusaidia kitu. Mama amesikia kwa mwenzake kazini kwamba vidonge vikishindwa hutafutwa dawa kali zaidi, na ikishindwa hiyo, shingo hupasuliwa. Hajui kama ni kweli. Mimi pia sijui. Lakini daktari atapima na kuamua kwa kutumia maneno ya Baba, na maneno ya Baba si ya kweli, na yeye hajui kwamba si ya kweli. Wewe ulisema wauguzi hawakisii. Mimi nimemfanya daktari mzima akisie.

Nikinyamaza, anateseka bure, na huenda akapewa dawa isiyomfaa. Nikisema, atajua kwamba vidonge vilikuwa vinafanya kazi. Ua halijawekwa. Ngazi bado imesimama ukumbini.

Jana, kabla ya kulala, Mama alimhesabia mazoezi ya daktari, na Baba aliyafanya yote, polepole, bila ubishi. Kushoto. Kulia. Kidevu kifuani. Alipofika kulia alinikuta nimesimama pale, akatabasamu kidogo, akasema, "Muuguzi, umeona? Imegeuka." Kwa hiyo sijakata tamaa. Nadhani kuna maneno yatakayofaa, ila mimi siyajui, na wewe unafundishwa kusema na wagonjwa.

Nijibu kwa posta ileile itakayorudi, uandike jina langu juu ya bahasha, si la Baba: namwambiaje kwamba dawa ilikuwa inafanya kazi, bila yeye kupanda tena?